Bluu ya Mofu

Nyie vijana wa brashi mna raha. Unaingia dukani, unanyoosha kidole kwenye kadi ya rangi, muuzaji anakuletea kopo la rangi ileile, unapaka, unakwenda kulala. Ukiulizwa rangi hiyo imezaliwa na nani, unakodoa macho. Basi nawaambieni jambo moja la kuanzia, na anayetaka kubisha abishe mapema: bluu haichanganywi. Chukua nyekundu, chukua njano, chukua nyeupe na nyeusi, koroga mpaka kiganja kiote sugu, bluu hutaipata. Nyekundu, njano na bluu ni wazazi. Watoto wao unaweza kuwatengeneza kwenye kopo, wazazi wenyewe huwezi.

Sasa mimi, Fidelis wa Kibaoni, niliwahi kumpaka Bikira Maria joho la bluu nikiwa sina hata tone la bluu, watu wakapiga vigelegele, na nikapata mke. Mke mwenyewe ni huyu hapa barazani, anasuka ukili wa mikeka na anasikia kila neno. Nikitia chumvi mtamsikia.

"Umeshatia," anasema.

Haya, mmeona. Tuendelee hivyohivyo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Almasi, fundi wa vibao vya maduka pale Kibaoni, miaka ile ya hamsini. Alikuwa mtu wa msikitini, mtaratibu, anakuja kazini na kanzu nyeupe, na kanzu ile sikuwahi kuiona na doa. Mimi nilikuwa nikifungua kopo tu, tayari nina rangi sikioni. Mpaka leo sijui inafikaje huko.

Siku moja akaja fundi cherehani anataka kibao cha samawati. Nikajiona nimeiva. Nikamimina bluu kwenye debe, nikaanza kutia nyeupe ili iwe nyepesi. Bado nzito. Nikaongeza. Bado. Kopo la nyeupe likaisha, nikafungua jingine, bluu imekaa palepale inanitazama. Ilipokuja kulegea nilikuwa na debe limejaa pomoni, na kibao chenyewe kina ukubwa wa sinia. Mzee Almasi hakunigombeza. Alichungulia ndani, akasema, "Fidelis, sasa inabidi tukapake na mbingu." Mwaka ule Kibaoni kila mlango ulikuwa wa samawati, na madirisha, na mabanda ya kuku. Tulikuwa tunawabembeleza watu wapakiwe.

Kwa hiyo mkitaka rangi nyepesi, anzeni na ile dhaifu. Weka nyeupe kwanza, halafu dondoshea bluu kwa ncha ya kijiti, koroga, tazama, dondoshea tena. Nyeupe nyingi haiwezi kushindana na bluu kidogo. Na paka kwanza kwenye kipande cha ubao usubiri kikauke, maana rangi mbichi ni mwongo. Ikikauka ndiyo inasema kweli.

Kosa jingine lilikuwa la ndizi. Mwenye hoteli alitaka kibao chenye mkungu wa ndizi mbivu. Nikazipaka njano safi kabisa, zikatoka bapa kama zimekanyagwa na ng'ombe. Nikasema zinahitaji kivuli. Nikachanganya njano na nyeusi kidogo, nikapitisha pembeni. Lahaula! Njano ukiitia nyeusi inageuka kijani, tena kijani cha jani la mwembe. Mwenye hoteli akaja, akasimama, akashika kiuno. "Mwalimu wako yuko wapi? Nimeleta ndizi mbivu hapa, nyie mmezirudisha kuwa mbichi!" Siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba kivuli cha njano hakitoki kwenye kopo la nyeusi. Itie zambarau kidogo sana, ambayo ni mtoto wa nyekundu na bluu, itatulia bila kurudi shambani. Na usizikoroge zote pamoja ukidhani utapata kitu kipya. Utapata rangi ya mto Kilombero wakati wa masika, na hiyo haina mnunuzi.

Neno moja la Mzee Almasi sikulielewa. Alikuwa akisema kila mara, "Usiitazame rangi peke yake, mtazame jirani yake." Mimi nilidhani ananitania kwa mambo ya mtaani, maana kweli tulikuwa na jirani mmoja wa kutazamwa. Nikawa naitikia tu, "Ndiyo, mzee."

Huyu Benadeta, mke wangu, nilimwona Kivukoni, pale mtoni, anawauzia mikeka watu wanaosubiri kuvuka. Nilikwenda kuandika maneno ubavuni mwa boti, nikajikuta nimesimama mbele ya mikeka. Nikamwuliza bei. Akasema, "Kwanza kafute sikio." Basi, nikaisha hapohapo.

"Ulinunua mikeka ya watu saba na ulikuwa unaishi peke yako," anasema.

Kweli, nilinunua. Sina la kukana.

Baba yake alikuwa Mzee Kasiani, katekista wa Mofu, kijiji cha juu mtoni, Mpogoro ambaye wazee wake waliteremka kutoka upande wa Mahenge kufuata ardhi ya mpunga. Mtu mfupi, sauti kubwa. Nikamtuma baba mdogo kwenda kuposa. Akarudi na uso umemshuka. Mzee Kasiani alikuwa amemwuliza, "Kupaka rangi ni kazi? Mvua ikinyesha, kazi yake inabaki wapi?" Tena kulikuwa na mtu mwingine amekwisha kuposa, mwenye mashamba ya mpunga na jembe la kukokotwa na ng'ombe, anasubiri jibu.

Ila Mzee Kasiani alikuwa na ukuta. Nyuma ya altare ya kanisa lao palikuwa patupu, na alitaka pawe na Bikira Maria kabla ya sikukuu ya kufunga mwezi wa Maria, mwisho wa mwezi wa tano. "Aje apake," akasema. "Watu wa Mofu wakiridhika siku ya sikukuu, nitampa binti. Wasiporidhika, kesho yake namjibu mwenye mpunga." Akataja na rangi za kubeba: nyeupe, nyekundu, njano, na nyeusi ya kutosha, kwa sababu joho la Bikira ni jeusi.

Nilishangaa kidogo, lakini nikasema huyo atakuwa Mama wa Mateso. Nikafunga makopo, ya nyeusi mawili, nikapanda mtumbwi Kivukoni, tukapiga makasia kwenda juu, makopo katikati ya miguu na kikapu cha kambale wa mtu mwingine magotini.

Kufika Mofu, Mzee Kasiani akatoa picha ndogo kwenye kitabu chake cha sala. Nikaitazama, nikaisogeza karibu na macho. Joho la bluu, bluu tupu.

"Mzee, samahani," nikasema, "joho hili ni bluu."

"Ndiyo. Jeusi."

"Bluu, mzee."

"Kijana, kwetu sisi kitu ni cheupe, ni chekundu, au ni cheusi. Joho hili ni jeupe?"

"Hapana, mzee."

"Ni jekundu?"

"Hapana."

"Sasa wewe unabisha nini?"

Nikafungua kopo la nyeusi nikamwonyesha. Akachungulia, akarudisha kichwa nyuma kama aliyenusa kitu. "Hayo ni masizi. Unataka kumpaka Mama wa Mungu masizi? Mimi nataka nyeusi ya hapa." Akaweka kidole juu ya picha. "Jina lake sina haja nalo. Nataka hii."

Asubuhi yake nikasema narudi Kibaoni kuchukua bluu. Wapiga makasia wakacheka mpaka wakashikana. Maji ya milimani yalikuwa yameshuka usiku ule, mto umefura na kupanda mbugani, njia ya miguu iko chini ya maji, na viboko wanatembea kwenye mpunga wa watu kama wenye mali. Hakuna mtumbwi utakaothubutu kushuka mtoni mpaka maji yapungue, na sikukuu haiwezi kungoja maji.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kila mama aliniangalia shati kwanza. "Unataka kung'aa mbele ya Benadeta?" Nikawaambia ni kazi ya kanisa, wakazidi kucheka. Bluu yote ilikuwa imeishia kwenye mashati ya Pasaka. Mama mmoja alinipa kitambaa alichokuwa akifungia bluu yake. Nikakikamua kwa nguvu zangu zote, nikapata maji masafi ambayo hata kunguru angeyanywa bila kuyashangaa.

Nikaingia kanisani nikaketi kwenye benchi, nikautazama ule ukuta. Nilikuwa naona kabisa Benadeta anavyokwenda kupalilia mpunga wa mtu mwingine maisha yake yote. Niliumia jamani, sitanii. Lakini fundi akikosa la kufanya anapaka kile alichonacho. Nikachanganya nyekundu na njano, nikapata chungwa zuri, nikapaka mbingu ya alfajiri ukuta mzima, nikaacha nafasi ya Bikira. Halafu nikachanganya nyeusi na nyeupe, nikapata rangi ya majivu, nikajaza joho ili kuwe na kitu cha chini wakati namwomba Mungu muujiza.

Benadeta akaja na ugali na perege. Akasimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Kumbe bluu umeipata! Umeitoa wapi?"

"Usinitanie, Benadeta. Leo siwezi."

"Sikutanii. Njoo huku."

Nikaenda mlangoni, nikageuka. Vijana wangu, nywele zilinisimama. Joho lilikuwa la bluu. Bluu ya ukungu wa asubuhi mtoni, bluu ya kweli, na mikononi mwangu kijiti cha kukorogea kina majivu matupu. Nikakimbilia ukutani: majivu. Nikarudi mlangoni: bluu. Benadeta ananitazama ninavyokwenda na kurudi, bakuli bado kalishika.

"Ee," akasema, "ni kama ukindu wa mkeka."

"Ukindu gani?"

"Ukindu mweusi uliochujuka. Ukiufuma kando ya wa chungwa unajifanya bluu. Ukiufuma kando ya mwekundu unajifanya kijani. Mama aliniambia nisiupange kabla sijajua utakaa na nani. Nyie mafundi wa Kibaoni hamlijui hilo?"

Hapo ndipo niliposikia sauti ya Mzee Almasi na jirani yake. Kumbe mtu alikuwa ananipa kazi nzima kwa neno moja, mimi nachungulia uani kwa watu! Macho yakishiba chungwa, yanaitafuta bluu, kwa sababu bluu ndiyo mpinzani wake. Yakikuta majivu yamekaa karibu, yanayavika bluu yenyewe. Lakini majivu yenyewe lazima yawe safi, nyeusi na nyeupe tu. Ukiyadondoshea njano kidogo umeharibu. Na chungwa lazima liwe na nguvu na liyazunguke pande zote. Nikarudi nikalitia chungwa nyekundu zaidi, mpaka Bikira akawa amesimama ndani ya jua lenyewe, na joho likazidi kuwa bluu bila mimi kuligusa.

"Usimwambie baba yako," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Kwani kuna nini? Mimi naona bluu." Akaniwekea bakuli chini, akaondoka anacheka peke yake.

Siku moja kabla ya sikukuu akaja Mzee Kasiani kukagua. Akasimama mlangoni, akatoa kitabu cha sala, akatazama picha, akatazama ukuta. "Naam," akasema. "Hiyo ndiyo nyeusi niliyoitaka. Ulikuwa unabishana na mimi bure." Nikashusha pumzi. Sikumaliza kuishusha.

"Ila hili chungwa linapiga kelele. Liondoe. Paka nyeupe nyuma yake."

Nikamwambia ni alfajiri, mzee, ni jua linachomoza. Akasema jua la Mofu analijua, halijawahi kumpigia makelele namna hii. Nikamwambia rangi haitakauka. Akasema ikauke isikauke, nyeupe. Halafu, ili nione anachotaka, akachukua kitambaa cheupe cha altare, akakitandaza ukutani kando kabisa ya joho, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

Akafikicha macho. Akasogeza kitambaa. Akafikicha tena.

"Mbona hapa imepauka?"

Nikainama nikajifanya nakoroga kopo. Benadeta alikuwa anafagia katikati ya mabenchi, wala hakuinua kichwa.

"Baba yuko sawa," akasema. "Nyeupe itapendeza. Watu wa kanisa la ng'ambo ya mto nao wamepaka nyeupe nyuma ya Bikira wao."

Mzee Kasiani akageuka polepole. Nieleweni, kati yake na katekista wa ng'ambo palikuwa na mashindano ya miaka, ya kwaya, ya kengele, ya nani ana watoto wengi wa komunio. "Wa ng'ambo?" akasema. "Ule ukuta unaofanana na zahanati?"

"Huohuo, baba. Na wao watafurahi kuona tumeiga."

Kitambaa kikarudi altareni, kikakunjwa vizuri. "Chungwa libaki," akasema. "Tena liongezee pale juu, bado halijakolea." Nikaliongeza upesi, kabla hajabadili nia.

Siku ya sikukuu walikuja watu wa Mofu wote, wengine na mitumbwi mpaka karibu na mlango maana maji yalikuwa yamefika uwanjani. Wakaingia, wakanyamaza. Kisha bibi mmoja mbele akapiga kigelegele, na kanisa likalipuka. Mzee Kasiani alisimama kando ya ukuta amejaa kifua, anapokea pongezi kana kwamba brashi aliishika yeye. Mwenye mpunga alijibiwa hapana kesho yake. Nami nilijibiwa palepale, mbele ya watu, na nikalia, na sioni haya kusema. Rangi ikanitoka sikioni ikateremka shavuni.

Hapo hadithi ingeisha vizuri, lakini kuna baba mkwe. Maji yalipopungua, harusi ikafungwa, na Mzee Kasiani akasafiri mpaka Kibaoni kwa kichwa chake mwenyewe. Akarudi Mofu, sisi bado hatujaondoka, na kopo mkononi. "Zawadi," akasema. "Nilimwuliza muuzaji anipe ile uliyoiita bluu. Mwongezee Bikira joho, lizidi kung'aa." Nikafungua. Bluu ya dukani, nzito, kali, ile niliyoililia mpaka nikakamua vitambaa. Ningekataaje? Nikapanda ngazi, nikapaka joho lote upya kwa moyo mmoja. Nikajiambia sasa hakuna deni na mtu, sasa ni bluu ya halali.

Jumapili watu wakaingia, wakanyamaza tena. Ila kunyamaza huku kulikuwa kwa namna nyingine. Bluu kali juu ya chungwa kali, vijana, vinagombana. Ukingo wa joho ulikuwa unatikisika, ukiutazama machozi yanakutoka. Yule bibi wa kigelegele akageuka akaniuliza bila kunong'ona, "Bikira wetu umemvika mlango wa Kibaoni?"

Mzee Kasiani akanishika mkono, akanitoa nje.

"Nilikununulia bluu. Umepaka nini?"

"Bluu yako, mzee. Kopo lilelile."

"Ile? Ile siyo bluu!" Yeye, ambaye kabla ya mwezi wa tano hakuwa na haja na jina lake. "Bluu naijua mimi, kijana. Nimesali mbele yake. Irudishe."

"Lakini mzee, hii ndiyo ya..."

"Irudishe!"

Nikarudi ndani watu walipotawanyika, nikafungua nyeusi, nikafungua nyeupe, nikakoroga majivu huku nimenuna. Benadeta alikuwa ameshika ngazi chini. Nikamwambia hawa watu hawana macho. Bluu ya kweli wameikataa, wanataka majivu yajifanye bluu. Hivi mtu anajisikiaje kufundishwa kazi miaka yote kisha asifiwe kwa rangi ambayo haipo?

Akacheka mpaka ngazi ikayumba, nikashika ukuta kwa mikono miwili.

"Na wewe je?" akasema. "Unadhani ulipofika Mofu baba aliona nini? Majivu matupu, na rangi sikioni. Ni kwamba siku hizi umekaa na mimi."

Nimetafuta la kumjibu tangu siku hiyo, na bado anasuka hapo anasubiri. Sijalipata. Wala sijawahi kusogea mbali naye ili nijue kama ni kweli.